Bildad Kaggia

Bildad Mwaganu Kaggia (1921 – 7 Machi 2005) alikuwa kiongozi wa wafanyakazi, mpigania uhuru na mwanasiasa wa Kenya. Alikuwa mmoja wa watu sita, pamoja na Jomo Kenyatta, waliohukumiwa huko Kapenguria mwaka 1953 kwa kosa la kuongoza Mau Mau. Baada ya kutoka kifungoni alichaguliwa kuwa mbunge wa Kandara, katika wilaya ya Murang'a, kuanzia mwaka 1963.

Kaggia anajulikana hasa kwa msimamo wake kuhusu ardhi. Alidai kwamba mashamba yaliyochukuliwa na walowezi yarudishwe kwa watu wasio na ardhi bila kulipiwa. Msimamo huo ulimtenga na Kenyatta, na katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966 ulimgharimu kiti chake cha Kandara. Hakurudi tena bungeni.

== Maisha ya awali ==

Kaggia alizaliwa Dagoretti, karibu na Nairobi, katika familia ya Wakikuyu ambayo asili yake ilikuwa Murang'a. Wakati wa ukoloni wilaya hiyo iliitwa Fort Hall. Alisoma katika shule ya misheni ya Kianglikana huko Kahuhia, na alikuwa mwanafunzi mwenye akili, lakini hakuendelea na masomo ya sekondari. Badala yake alipata kazi ya ukarani katika ofisi ya mkuu wa wilaya ya Fort Hall.

Kazi hiyo ilimpa nafasi ya kuona kwa karibu jinsi serikali ya kikoloni ilivyoendeshwa: kodi ya kichwa, kipande ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba, na amri zilizotoka ofisini kwenda kwa machifu. Wakati huo karani Mwafrika alikuwa mtu wa heshima kijijini, lakini ofisini alibaki chini ya kila Mzungu.

== Vita Kuu ya Pili ==

Mwaka 1940 Kaggia alijiunga na jeshi la Uingereza, kama walivyofanya maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki. Alitumikia Mashariki ya Kati, akapata nafasi ya kutembelea Yerusalemu na sehemu nyingine zinazotajwa katika Biblia. Baadaye alipelekwa Uingereza, akarudi Kenya mwaka 1946 baada ya vita kwisha.

Miaka hiyo ilimbadilisha kwa namna mbili. Kwanza, aliona kwamba askari Waafrika walilipwa kidogo kuliko Wazungu na walitengwa nao, ingawa walivaa sare ya mfalme mmoja. Pili, alianza kutilia shaka mafundisho ya wamisionari. Aliona kwamba mambo mengi waliyoyafundisha kama amri za Mungu yalikuwa desturi za Wazungu tu.

Aliporudi nyumbani alianza kuhubiri Ukristo usioongozwa na misheni. Wafuasi wake walienea katika sehemu za Murang'a na kwingineko, na kundi lao likaitwa na watu Dini ya Kaggia. Baada ya muda aliacha kazi ya kuhubiri akaingia katika siasa, lakini tabia ya mhubiri asiyegeuza maneno yake kwa sababu ya wasikilizaji ilibaki naye maisha yote.

== Vyama vya wafanyakazi na Muhimu ==

Mjini Nairobi Kaggia alijiunga na harakati za wafanyakazi na kuwa kiongozi wa chama cha makarani na wafanyakazi wa biashara. Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Serikali ilipowakamata wote wawili mwaka 1950, wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Kaggia alikuwa miongoni mwa viongozi walioendeleza kazi hiyo.

Mwaka 1951 kundi la vyama vya wafanyakazi lilishinda uchaguzi wa tawi la Nairobi la Kenya African Union (KAU), chama kilichoongozwa na Kenyatta nchini kote tangu mwaka 1947. Kubai alikuwa mwenyekiti wa tawi, na Kaggia katibu wake. Tawi hilo lilidai uhuru wa haraka kuliko viongozi wakubwa wa chama walivyokuwa tayari kusema hadharani. Kaggia alishiriki pia kuchapisha gazeti la Kikikuyu lililoitwa Inooro ria Agikuyu.

Wakati huohuo alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya siri iliyojulikana kama Muhimu. Kamati hiyo ilisimamia kiapo cha umoja kilichoenea Nairobi na katika Mkoa wa Kati, na vuguvugu hilo ndilo lililoitwa Mau Mau na serikali. Kwa mujibu wa masimulizi ya Kaggia na Kubai, mwaka 1952, baada ya Kenyatta kulaani Mau Mau katika mkutano wa Kiambu, kamati ilimwita na kumtaka asiendelee kusema hivyo. Kenyatta alishangaa kuwakuta wasaidizi wake wa karibu miongoni mwa wajumbe.

== Kapenguria na Lokitaung ==

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Usiku huo polisi walianza kuwakamata viongozi wa KAU na wa vyama vya wafanyakazi. Sita kati yao walipelekwa mahakamani Kapenguria, mji mdogo wa kaskazini-magharibi, mbali na wafuasi wao: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba.

Mawakili wao waliongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza. Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwahukumu kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu, na baada yake wazuiliwe mbali na makwao. Oneko alishinda rufaa lakini aliendelea kuwekwa kizuizini. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkuu wa serikali dhidi ya Kenyatta, alitangaza kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo.

Wafungwa walipelekwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana. Kwa miaka mingi waliishi pamoja katika gereza dogo lenye joto kali, na ugomvi ulizuka. Upande mmoja alikuwa Kenyatta. Upande mwingine walikuwa wengi wa wenzake, akiwemo Kaggia. Wafungwa hao walijipanga kama chama chao wenyewe ndani ya gereza. Kwa hiyo tofauti kati ya Kaggia na Kenyatta zilianza kabla ya uhuru.

Kaggia aliachiliwa mwishoni mwa mwaka 1961, miezi michache baada ya Kenyatta.

== Mbunge wa Kandara ==

Katika uchaguzi wa Mei 1963 Kaggia aligombea kwa tiketi ya KANU katika eneo bunge la Kandara, kusini mwa Murang'a. Alishinda akaingia katika Baraza la Wawakilishi. Bunge la Kenya wakati huo lilikuwa na mabaraza mawili, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Kenya ilipata madaraka ya ndani tarehe 1 Juni 1963 na uhuru kamili tarehe 12 Desemba 1963. Kenyatta alimteua Kaggia kuwa katibu wa bunge katika Wizara ya Elimu, cheo kinacholingana na naibu waziri.

Kandara ilikuwa na watu wengi na ardhi kidogo. Wakati wa hali ya hatari serikali ya kikoloni ililazimisha watu wa Mkoa wa Kati kuhamia vijiji vilivyozungushiwa uzio, kisha ikaunganisha vipande vya ardhi vya kila ukoo na kutoa hati miliki kwa mtu mmoja mmoja. Kazi hiyo ilifanyika wakati maelfu ya wanaume walikuwa msituni, magerezani au kizuizini. Waliobaki nyumbani, hasa machifu na askari wa vijiji walioitwa homugadi, walikuwa na nafasi nzuri ya kusema mpaka uko wapi. Wengi waliorudi kutoka kizuizini walikuta shamba la baba limeandikwa kwa jina la mtu mwingine, au limekuwa dogo kuliko lilivyokuwa.

Murang'a ilikuwa miongoni mwa wilaya zenye malalamiko mengi zaidi, na Kaggia alitaka upimaji wa ardhi huko uchunguzwe upya.

== Mgogoro wa ardhi ==

Kabla tu ya uhuru ulianzishwa mpango wa kununua takriban ekari milioni moja za mashamba ya walowezi Wazungu na kuzigawa kwa Waafrika. Walowezi walilipwa kwa fedha zilizotoka zaidi Uingereza, nyingi zikiwa za mkopo. Waafrika waliopewa viwanja walitakiwa kutoa malipo ya kwanza na kurudisha mkopo kwa miaka mingi. Mtu aliyeshindwa kulipa aliweza kufukuzwa.

Kaggia alipinga mpango huo kwa hoja rahisi. Ardhi hiyo ilichukuliwa bila malipo, kwa hiyo haikuwa haki Mwafrika ailipie ili airudishiwe. Alisema pia kwamba waliopigana msituni na waliofungwa ndio waliokosa fedha za malipo ya kwanza, wakati waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni walikuwa nazo. Alitaka wasio na ardhi wapewe bure, na mashamba makubwa yaendeshwe kwa ushirika badala ya kununuliwa na matajiri wachache. Alipinga vilevile kufukuzwa kwa maskwota katika mashamba na misitu.

Kenyatta na mawaziri wake walijibu kwamba serikali ilikuwa imeahidi kulinda mali ya kila mtu, kwamba kunyang'anya mashamba kungevuruga uchumi na kufukuza mitaji, na kwamba ardhi inayotolewa bure haitunzwi. Kwa upande wao uhuru ulidai kazi, na mtu alipaswa kutokwa jasho ili apate.

Kaggia hakuacha kusema, ndani na nje ya bunge. Kenyatta alimwandikia akimtaka aheshimu msimamo wa serikali au aondoke. Mnamo Juni 1964 aliachishwa wadhifa wake serikalini akabaki mbunge wa kawaida.

Kuanzia hapo alihesabiwa miongoni mwa viongozi wa kundi la wabunge waliomzunguka Makamu wa Rais Oginga Odinga. Kundi hilo lilipata pigo tarehe 24 Februari 1965, Pio Gama Pinto alipouawa kwa risasi Nairobi. Pinto, mbunge mwenye asili ya Goa, alikuwa mpangaji mkuu wa mikakati yao.

Mwaka huohuo Kenyatta alifanya mkutano wa hadhara Kandara, nyumbani kwa Kaggia, na kumshambulia mbele ya wapiga kura wake. Aliwataja wenzao wa Kapenguria waliokuwa wamejipatia mashamba, biashara na nyumba, kisha akamuuliza Kaggia yeye amejifanyia nini. Swali hilo lilibaki katika kumbukumbu za Wakenya. Wafuasi wa serikali walilichukua kama ushahidi kwamba Kaggia alikuwa mvivu aliyetaka vya bure. Wafuasi wake walilichukua kinyume: kiongozi aliyetumwa na watu hatumwi kujifanyia mambo yake.

== Mkutano wa Limuru na kuanzishwa kwa KPU ==

Mwezi Machi 1966 KANU ilifanya mkutano mkuu Limuru. Cheo cha makamu wa rais wa chama, kilichokuwa cha Odinga, kilifutwa. Mahali pake palichaguliwa makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa pamoja na Nairobi. Katika uchaguzi wa makamu wa Mkoa wa Kati Kaggia alishinda mara ya kwanza. Matokeo hayo hayakumpendeza Kenyatta, kura zikarudiwa, na safari hii mshindi akawa James Gichuru.

Mwezi uliofuata Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi na kutoka KANU. Kaggia na wabunge wengine walimfuata. Chama chao kipya kiliitwa Kenya People's Union, kwa kifupi KPU. Odinga alikuwa rais wa chama na Kaggia makamu wake. Alama ya chama ilikuwa dume la ng'ombe, dhidi ya jogoo wa KANU. Tamko lake la sera lilirudia mengi ambayo Kaggia alikuwa ameyasema tangu mwaka 1963, hasa kuhusu kugawa ardhi kwa wasio nayo.

== Mabadiliko ya katiba ==

Kwa sheria ya wakati huo, mbunge aliyehama chama hakupoteza kiti chake. Wabunge wa chama cha upinzani cha KADU walikuwa wamejiunga na KANU chama chao kilipovunjwa mnamo Novemba 1964, na hakuna aliyewataka warudi kwanza kwa wapiga kura. Paul Ngei naye alikuwa ametoka KANU, akaanzisha chama chake, kisha akarudi.

Sasa wabunge walikuwa wanatoka KANU badala ya kuingia, na serikali ilibadilisha katiba. Mwishoni mwa Aprili 1966 bunge lilipitisha kwa haraka marekebisho yaliyosema kwamba mbunge aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama kimoja na kisha kukiacha atapoteza kiti mwisho wa kikao, na itabidi agombee upya. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mwaka 1963 wananchi walichagua KANU, siyo mtu binafsi, kwa hiyo anayeacha chama amerudisha dhamana aliyopewa. Wapinzani walijibu kwamba sheria hiyo ilitungwa kwa ajili yao, baada ya tendo lenyewe.

Baadhi ya waliojiunga na KPU walipoona hivyo walijaribu kurudi KANU, lakini haikuwasaidia. Viti 29 vilitangazwa kuwa wazi, 19 katika Baraza la Wawakilishi na 10 katika Seneti. Kwa sababu ya wingi wa viti hivyo, uchaguzi mdogo huo unajulikana katika historia ya Kenya kama Uchaguzi Mkuu Mdogo.

== Uchaguzi mdogo wa Kandara, Juni 1966 ==

Upigaji kura ulifanyika tarehe 11 na 12 Juni 1966. KPU ilikuwa na wiki chache tu za kujiandaa. Ilichelewa kuandikishwa, haikuwa na matawi wala fedha za kutosha, na mikutano ya hadhara ilihitaji kibali cha mkuu wa wilaya. Mara nyingi vibali vilinyimwa au kufutwa. Redio ya taifa ilikuwa mikononi mwa serikali, na machifu na maofisa wa utawala waliwasaidia wagombea wa KANU.

Kandara ilikuwa kati ya viti vilivyotazamwa zaidi. Odinga alikuwa na uhakika wa Bondo, nyumbani kwake, kwa kuwa Wajaluo wengi waliona kwamba yeye ndiye aliyeonewa. Lakini KPU haikutaka kuwa chama cha Nyanza peke yake. Kama Kaggia angeshinda Murang'a, ingeonekana kwamba suala la ardhi lina nguvu kuliko kabila, na kwamba hata Wakikuyu maskini wanaweza kumpinga Kenyatta. Kama angeshindwa, serikali ingeweza kusema kwamba upinzani ni wa Wajaluo tu.

Kwa sababu hiyo KANU iliipa Kandara uzito mkubwa. Katika kampeni zake KPU ilielezwa kuwa chama cha wakomunisti kinachotaka kunyang'anya watu mashamba na kumweka Mjaluo madarakani. Hofu hiyo ilikuwa na maana kwa mkulima aliyepata hati miliki yake miaka michache tu iliyopita, hata kama shamba lake lilikuwa dogo. Wengine walikuwa wakingojea kiwanja katika mashamba ya walowezi, na walijua kwamba majina ya wanaopewa yanapitia ofisi za serikali. Kumpigia kura Kaggia kungeweza kumaanisha kufutwa katika orodha. Vilevile palikuwa na heshima ya Kenyatta mwenyewe, ambaye Wakikuyu wengi walimwona kama baba aliyeteswa kwa ajili yao. Kaggia aliteswa pamoja naye, lakini watu wa Kandara walitakiwa kuchagua mmoja.

Kaggia alishindwa na mgombea wa KANU kwa tofauti kubwa. Wenzake wengi nje ya Nyanza walipatwa na hali hiyohiyo. Achieng' Oneko, mwenzake wa Kapenguria, alipoteza kiti cha Nakuru kwa Mark Mwithaga wa KANU. KPU haikupata kiti hata kimoja katika Mkoa wa Kati.

Kwa jumla KPU ilipata viti 9, saba katika Baraza la Wawakilishi na viwili katika Seneti. KANU ilipata 20. Hata hivyo, kura zote za nchi zilipojumlishwa, KPU ilikuwa imepata nyingi kuliko KANU. Sababu ni kwamba wagombea wake wa Nyanza walishinda kwa kura nyingi sana, wakati KANU ilijipatia viti vingi katika maeneo yenye wapiga kura wachache. Nje ya Nyanza KPU ilipata ushindi mahali pachache, kama vile kwa George Oduya huko magharibi na Joseph Nthula katika Ukambani.

Wanahistoria hawakubaliani kuhusu maana ya matokeo ya Kandara. Wengine huona kwamba wapiga kura walikataa kabisa siasa za Kaggia, kwa kuwa mkulima mwenye kipande chake alitaka kukilinda, siyo kukigawa. Wengine husema kwamba kura iliyopigwa chini ya macho ya chifu, bila mikutano huru, haiwezi kuonyesha watu walifikiri nini kuhusu ardhi. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba baada ya siku hizo mbili hakuna kiongozi wa Mkoa wa Kati aliyebaki bungeni kwa jina la KPU.

== Baada ya kushindwa ==

Kaggia aliendelea kuwa makamu wa rais wa KPU nje ya bunge. Mwaka 1968 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kosa la kufanya mkutano bila kibali huko Nyanza ya Kusini. Katika rufaa kilipunguzwa kuwa miezi sita. Hivyo mtu aliyefungwa na Waingereza kwa ajili ya uhuru alifungwa tena katika nchi huru.

Mwaka huohuo, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, fomu za wagombea wa KPU zilikataliwa karibu nchi nzima kwa madai kwamba hazikujazwa ipasavyo. Chama kilizidi kubanwa, na Kaggia aliona kwamba katika Mkoa wa Kati hakikuwa na njia tena. Mwaka 1969 alitoka KPU akarudi KANU. Baadhi ya wafuasi wake walisikitika kwa uamuzi huo, na wengine waliuelewa.

Mwaka huohuo mambo yalifikia mwisho. Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mnamo Oktoba ziara ya Kenyatta mjini Kisumu ilivurugika, walinzi wa rais walipiga risasi, na watu wakafa. KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa vitendo, ingawa sheria ya kuifanya hivyo ilipitishwa mwaka 1982 tu.

Kaggia alijaribu kukirudisha kiti cha Kandara kwa tiketi ya KANU lakini hakufanikiwa. Baadaye serikali ilimteua kuwa mwenyekiti wa bodi ya soko la pamba, na hiyo ilikuwa karibu nafasi pekee ya umma aliyopewa.

Mwaka 1975 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kiingereza, Roots of Freedom. Kitabu hicho ni chanzo muhimu kuhusu vyama vya wafanyakazi vya Nairobi, kamati ya Muhimu na maisha ya gerezani Lokitaung. Kinaishia mwaka 1963, kabla ya ugomvi wake na serikali ya Kenyatta.

== Miaka ya mwisho na kifo ==

Kaggia aliishi maisha ya kawaida Murang'a, ambako alikuwa na kinu cha kusaga mahindi huko Makuyu. Wenzake kadhaa wa Kapenguria walikuwa wamekufa matajiri, na familia ya Kenyatta ilikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa ardhi nchini. Waandishi wa habari waliomtembelea uzeeni walishangaa kumkuta mtu aliyetajwa katika vitabu vya shule akihudumia wateja wa unga.

Aliishi hadi kuona marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ikifutwa rasmi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Alifariki tarehe 7 Machi 2005. Kati ya sita wa Kapenguria alibaki Achieng' Oneko peke yake, aliyefariki mwaka 2007.

== Umuhimu katika historia ==

Katika siasa za Kenya jina la Kaggia hutumika kama mfano wa kiongozi ambaye hakutumia cheo kujitajirisha. Swali aliloulizwa Kandara mwaka 1965 hurudiwa mara kwa mara katika mijadala kuhusu ufisadi, na mara nyingi anayelirudia yuko upande wa Kaggia.

Malalamiko aliyoyaeleza hayakwisha. Maskwota, mashamba ya umma yaliyogawiwa kwa wakubwa na hati miliki zenye utata vilichunguzwa na tume mbalimbali katika miaka ya 2000, na katiba ya mwaka 2010 ilianzisha Tume ya Taifa ya Ardhi.

Urithi mwingine ni sheria iliyomwondoa bungeni. Kanuni ya kwamba mbunge anayeacha chama kilichomdhamini hupoteza kiti ilibaki katika katiba ya Kenya na imo pia katika katiba ya mwaka 2010. Nchini Tanzania nako mbunge anayehama chama hupoteza kiti, na chaguzi ndogo kadhaa zimefanyika kwa sababu hiyo. Wanaoitetea kanuni hiyo husema inazuia wabunge kununuliwa. Wanaoipinga husema inamfanya mbunge kuwa mtumishi wa viongozi wa chama kuliko wa wapiga kura. Nchini Kenya mjadala huo ulianza na viti 29 vya mwaka 1966, kikiwemo kile cha Kandara.